Maoni Yetu: Choo kikimtoka mtu, mishipa yake ikaguliwe

Kuna ugonjwa ambao mgonjwa hautaji hata kwa mkewe. Atasema mgongo unauma, miguu inawaka moto, sukari inapanda. Lakini kwamba asubuhi ile aliposimama kutoka kitini choo kilimtoka bila yeye kujua, hilo halisemi. Anangoja aulizwe, na haulizwi.

Tumezoea kumlaumu mgonjwa wa namna hii kwa methali ya mficha maradhi. Safari hii lawama si yake. Amefika zahanati, amekaa kwenye benchi, ameingia kwa daktari, ametoka na karatasi ya dawa. Njia nzima hakuna aliyemuuliza swali moja la sekunde tano: "Unaweza kuzuia choo?"

Kwa hiyo tunalisema sisi, tena waziwazi. Kushindwa kuzuia haja kubwa ni dalili ya ugonjwa, kama ilivyo homa na kikohozi. Si uchafu, si kurogwa, wala si jambo ambalo kila mzee lazima alipate. Mara nyingi chanzo chake ni mishipa ya fahamu, na zipo siku ambapo dalili hiyo ni dharura isiyongoja kesho. Kuikagua kunataka glavu, pamba na mtu asiyeona aibu kuuliza. Vyote vitatu vinaweza kupatikana kwenye zahanati ya kata.

Kila mtaa unaye mama ambaye zamani hakukosa kikao cha kikoba wala msiba wa jirani. Siku hizi haonekani. Hapandi daladala. Akialikwa harusini anatuma mchango, na kisingizio chake ni magoti. Nyumbani amejichagulia kiti cha plastiki kilicho karibu na mlango wa uani, na kwenye mkoba anabeba khanga ya pili iliyokunjwa ndogondogo. Watoto wanadhani ameanza kuzeeka vibaya. Na wapo Waislamu walioacha sala kwa kuamini kwamba hawatakuwa safi tena, ilhali fiqhi inamtambua mwenye udhuru: anajisafisha, anajifunga kitambaa, anatawadha wakati wa sala ukishaingia, anaswali. Shehe anayelieleza hili kwenye darsa anawarudisha watu wengi kwenye mswala.

Tuitazame kazi yenyewe, maana ni ya ajabu kuliko tunavyodhani. Njia ya haja kubwa ina misuli miwili ya duara, mmoja ndani ya mwenzake. Wa ndani hausikilizi amri zetu. Hujikaza wenyewe usiku na mchana, na ndio unaobeba sehemu kubwa ya kazi ya kufunga tunapokuwa tumetulia. Wa nje ni wetu: tunaukaza tukibanwa na choo kiko mbali. Lakini huchoka upesi. Hata mwenye afya njema hawezi kuukaza kwa nguvu zote kwa zaidi ya dakika moja hivi. Juu ya hiyo miwili upo msuli mwingine ulioupitia utumbo kwa nyuma kama kamba ya kombeo, ukaupinda, na upindo huo hunyooka mtu anapochuchumaa.

Kisha kuna ngozi. Mara kadhaa kila saa msuli wa ndani hulegea kidogo, kwa sekunde chache tu, ili ngozi laini ya pale mlangoni itambue kilichofika. Ni hewa? Ni maji? Ni choo kigumu? Ndiyo sababu mtu anaweza kuachia hewa kwa siri katikati ya kikao na nguo ikabaki safi. Ngozi ile ikifa ganzi, mlinzi hana macho. Choo kinapita, na mwenyewe anajulishwa na harufu.

Mishipa inayoendesha yote haya hutoka chini kabisa ya mgongo, kwenye mfupa ulio juu ya makalio, na madaktari huiita S2, S3 na S4. Mishipa hiyohiyo ndiyo inayoshughulika na mkojo na tendo la ndoa. Daktari akiambiwa habari ya choo na asiulize habari ya mkojo na ya chumbani, kazi ameiacha nusu.

Sasa tuje kwenye dharura, kwa kuwa hapa ndipo watu wanapopotezwa. Uti wa mgongo wa mtu mzima haufiki chini kabisa. Unaishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na kutoka hapo kunaning'inia fungu la mishipa ambalo madaktari tangu zamani huliita mkia wa farasi. Diski kati ya pingili ikichomoka, mfupa ukivunjika, usaha au uvimbe ukilibana fungu hilo, mtu huumwa kiuno na maumivu yakashuka mguu mmoja au yote miwili. Anapata ganzi sehemu ileile inayogusa kiti cha baiskeli. Mkojo unagoma au unatoka kidogokidogo. Kisha choo.

Hapo saa zinahesabiwa. Mtu anahitaji picha ya MRI na daktari wa upasuaji, na akifanyiwa mapema, kabla mkojo haujagoma kabisa, nafasi yake ya kupona ni kubwa zaidi. Siku mbili zikipita matumaini yanapungua, na asipopata upasuaji kwa wakati anaweza kubaki na mpira wa mkojo na nepi maisha yake yote, hata kama ana miaka 30. Mchukue kijana mpakuzi wa mizigo aliyesikia kitu kikikatika kiunoni. Anakwenda duka la dawa, anachomwa sindano ya maumivu, anaambiwa akapumzike. Kesho yake anachomwa nyingine. Siku ya tatu anasema haoni mkojo, anaambiwa anywe maji mengi. Laiti angeulizwa siku ya kwanza kama anahisi anapojipangusa! Jibu la "sihisi" lingemtoa pale dukani moja kwa moja hadi hospitali ya rufaa.

Dharura hiyo si ya kila siku. Sababu za kila siku ni nyingine, na nyingi tunaishi nazo.

Ya kwanza ni kuzaa. Kichwa cha mtoto kikikaa njiani muda mrefu, mishipa ya nyonga huvutwa na kubanwa, na msuli wenyewe unaweza kuchanika hata kama nje inaonekana mshono mdogo. Mama anapona, ananyonyesha, analea, na kwa kuwa ni kijana misuli mingine inamfichia kasoro ile. Tatizo linajitokeza miaka 20 au 30 baadaye, wakati hakuna tena anayekumbuka uzazi ule. Lazima pia litofautishwe na fistula, ambapo kuna tundu kati ya njia ya haja kubwa na uke, na choo au hewa hupitia ukeni. Fistula huzibwa kwa upasuaji. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam imekuwa ikiwatibu wanawake hawa bila malipo. Lakini tundu kuzibwa si mwisho wa habari. Uchungu uleule uliotoboa tundu unaweza kuwa umeumiza na mishipa, ndiyo maana baadhi ya wagonjwa wa fistula huja wakiburuta unyayo mmoja. Mguu unaoburutwa ni ushahidi ulio mbele ya macho kwamba mishipa imeguswa.

Ya pili ni kisukari. Sukari iliyokaa juu miaka mingi huila mishipa, na si ya nyayo peke yake. Inaweza kula ile ya utumbo na ya msuli wa ndani, mtu akaanza kuharisha usiku na kuamka amechafuka. Hapa tunaomba tahadhari moja. Metformini, kidonge ambacho wagonjwa wengi wa kisukari hukinywa kila siku, chenyewe kinaweza kulainisha choo. Kabla ya kusingizia mishipa, iulizwe dawa: imeanza lini, inanywewa na chakula au tumbo tupu, kipimo kimepandishwa hivi karibuni? Wapo ambao tatizo lao hupungua sana kwa kubadilishiwa dawa tu.

Ya tatu ni ajali. Tangu bodaboda zienee, wodi za mifupa hazikosi vijana waliovunjika mgongo. Uti wa mgongo ukikatika juu, utumbo wa chini hubaki na nguvu zake lakini haupokei amri: unajifunga, kisha unajifungua wenyewe wakati usiotakiwa. Ukiumia chini kabisa, mlango unalegea na choo kinavuja. Hali hizi mbili hazitunzwi kwa namna moja. Wa kwanza anaweza kufundishwa kuuamsha utumbo kwa wakati uleule kila siku, nusu saa baada ya kifungua kinywa, kwa kuwa tumbo likipokea chakula utumbo mpana nao huanza kusukuma. Wa pili mara nyingi hutolewa choo kwa kidole chenye glavu na mafuta, kwa ratiba, ili kisivuje katikati ya siku. Nesi anayejua kazi hii anamrudisha kijana kazini, kanisani na uwanjani. Asiyeijua anamruhusu aende nyumbani na katoni ya nepi, na mama yake mzazi ndiye anayejifunza kwa machozi.

Kwa ukanda wa Ziwa Viktoria tunaongeza kichocho. Watu wanakijua kwa damu kwenye choo na tumbo kujaa. Wachache wanajua kwamba mayai ya minyoo yake yanaweza kufika kwenye mwisho wa uti wa mgongo na kuuvimbisha. Kijana mvuvi anaumwa kiuno, miguu inalegea ndani ya siku au wiki chache, mkojo na choo vinaharibika, na mtaa mzima unasema ametupiwa kitu. Prazikwanteli pamoja na dawa za kupunguza uvimbe, zikianza mapema, zinaweza kumsimamisha tena. Kifua kikuu cha mgongo nacho kiko hivyohivyo: hula pingili polepole, mgongo unaota kibyongo, mishipa inabanwa. Dawa zake hutolewa bure. Na mzee mwenye saratani ya tezi dume anayeanza kuumwa mgongo usiku, kisha miguu ikamwisha nguvu, asichukuliwe kuwa ameishiwa na umri. Saratani inaweza kuwa imefika kwenye pingili, na yeye pia saa zake zinahesabiwa.

Kiharusi na usahaulifu wa uzeeni tunavitaja kwa haraka, si kwa kuwa ni vidogo, bali kwa sababu familia nyingi tayari zinavijua. Lakini hata hapo kuna mtego mmoja. Mzee aliyelala kitandani na kuchafuka mara kwa mara kwa choo chembamba, huenda haharishi. Huenda amefunga choo. Choo kigumu kimejaa na kuziba, na maji yanapenya pembeni. Akipewa dawa ya kuzuia kuhara, kizuizi kinaongezewa kizuizi. Kidole kimoja kingelijua hilo kwa dakika moja.

Tumekisema kidole mara mbili sasa, na hatukiombei radhi. Ukaguzi wa tatizo hili huanzia hapo, hauanzii kwenye mashine.

Unaanza kwa maswali. Lini ilianza? Unahisi kubanwa kisha unashindwa kufika, au kinatoka bila habari? Anayebanwa na kushindwa kufika mara nyingi ana msuli wa nje dhaifu au utumbo wenye hasira. Anayetokwa bila habari, hisia zake au msuli wa ndani ndivyo vinavyotiliwa shaka. Choo kikoje, kigumu, laini, maji? Umezaa mara ngapi, na kwa njia gani? Unatumia dawa gani? Kuna damu, umekonda? Mgongo, miguu, mkojo, tendo la ndoa?

Kisha pazia linafungwa. Mgonjwa anaelezwa kitakachofanyika na anaulizwa kama angependa nesi wa kike au ndugu awepo. Analala ubavu, magoti yakiwa kifuani, amefunikwa khanga. Daktari anachukua uzi wa pamba na kuupitisha taratibu juu ya ngozi ya pande zote mbili, akiuliza: unahisi? na huku je? Anaichokoza ngozi kidogo kwa kijiti na kutazama kama msuli unajikunja wenyewe, kama jicho linavyokonyeza likiguswa na vumbi. Ukikonyeza, njia ya mishipa kwenda mgongoni na kurudi ina dalili ya kuwa hai. Usipokonyeza, na ngozi ikawa na ganzi, shaka inaongezeka na mgongo ndio unaofuata kuangaliwa. Halafu kidole, kwa glavu na mafuta: mlango umelegea au umejikaza? Mgonjwa akiambiwa abane, unabana kwa nguvu kiasi gani, na kwa muda gani? Akiambiwa asukume, unaachia? Ndani kuna choo kigumu, kuna uvimbe? Baada ya hapo nyundo kwenye magoti na visigino, nguvu za vidole vya miguu, na kuangaliwa kama kibofu kinabaki kimejaa baada ya kukojoa.

Hayo yote hayazidi dakika 15. Yanatosha kuamua nani aende rufaa leo, nani aje wiki ijayo, na nani aanze tiba palepale. Vipimo vya sukari, choo na damu vinafuata. Ndipo zije mashine kwa anayezihitaji: MRI ya mgongo pale mishipa inaposhukiwa, ultrasaundi ya ndani inayoonyesha msuli uliochanika, kipimo cha mgandamizo kinachopima nguvu ya kubana na hisia za utumbo, na umeme mdogo wa kupima misuli na mishipa. Vipimo hivi viwili vya mwisho havipatikani kirahisi kwetu. Lakini hakuna mgonjwa anayepaswa kurudishwa nyumbani kwa sababu havipo, maana hatua za kwanza za tiba kwa wengi hazivitegemei: kurekebisha choo kisiwe maji wala jiwe, ratiba ya msalani, mazoezi ya kubana na kuachia misuli ya nyonga, loperamidi, dawa ya kuzuia kuhara, kwa anayestahili, ngozi kulindwa isichubuke.

Na wapo watoto. Mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi hufungwa kidonda chake siku za mwanzo, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) imewafanyia wengi upasuaji huo. Lakini mishipa ya choo na mkojo mara nyingi haikuumbika sawasawa. Mtoto anafikisha miaka saba, ana akili nzuri, na anaacha shule kwa sababu ya harufu. Kufundishwa kusafisha utumbo kwa maji kwa ratiba kunaweza kumrudisha darasani. Mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 za mwanzo wa mimba, kabla mama wengi hawajajua wana mimba, hivyo foliki asidi, kirutubishi kinachosaidia mgongo kujifunga, ikitolewa kliniki ya wajawazito mara nyingi inafika imechelewa. Mikrogramu 400 kwa siku zinatakiwa kabla ya mimba. Kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga zipo Tanzania tangu 2011, na bado sembe na dona nyingi zinasagwa kwenye mashine za mtaani zisizoongeza chochote. Hilo ni jambo la serikali na wasagaji kukaa meza moja, si la kumwachia msichana wa miaka 19.

Tunaiomba Wizara ya Afya mambo machache, na yote yanawezekana. Swali la choo liandikwe kwenye kadi ya kliniki ya kisukari, na liulizwe kwenye hudhurio la siku 42 baada ya kujifungua. Mtoa dawa wa duka lolote afundishwe dalili za mkia wa farasi, azibandike ukutani, na ajue kwamba akizisikia kazi yake ni kumwahisha mtu hospitali. Kila wodi inayolaza majeruhi wa mgongo iwe na nesi mmoja anayejua kumfundisha mgonjwa na ndugu ratiba ya choo kabla ya kuruhusiwa. Na kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, nepi za watu wazima na mipira ya mkojo zihesabiwe kuwa tiba kwa wanaozihitaji. Mtu asiye na nepi hatoki nje, na asiyetoka nje hafiki kliniki.

Ndugu msomaji, kama mgonjwa ni wewe, au mama yako wa kile kiti cha karibu na mlango, usimsubiri daktari aulize. Ukiingia tu, sema: "Choo kinanitoka." Kisha umweleze kimeanza lini, kama unahisi unapojipangusa, na mkojo unatokaje. Na kama ganzi kati ya mapaja imeanza leo au jana, au mkojo umegoma, siku ya kliniki si yako. Nenda hospitali usiku huohuo.